Sikio linalotoa usaha halihitaji maji ya majani

Maumivu ya sikio yana hila moja ambayo imewapotosha wazazi tangu zamani: huisha ghafla pale pale ugonjwa unapofanya uharibifu wake. Usaha hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, ukaisukuma, na mtoto akalia usiku kucha huku akilivuta sikio lake. Kisha ngoma hupasuka. Usaha hutoka nje, mkandamizo hupungua, mtoto hulala. Ikiwa jioni ile bibi alikuwa amefikicha majani na kumdondoshea maji yake sikioni, kukipambazuka nyumba nzima husema dawa imevuta uchafu, na jirani huja kuuliza ni majani gani. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ila kilichotokea ni tundu katika utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na tundu hilo lisipotunzwa huweza kumfuata mtoto hadi utu uzima.

Nyamitaba ni mahali ambapo bibi huulizwa kabla ya munganga, yaani daktari au muuguzi, na sababu zipo. Kijiji kiko milimani, katika usheferi wa Bashali, teritware ya Masisi, Kivu ya Kaskazini: nchi ya malisho ya ng'ombe, ya maharage na viazi, ya baridi na ukungu wa asubuhi. Njia ya kwenda Goma hupitia Sake, na mvua ikinyesha huwa tope tupu. Juu ya tope kuna vita. Mji wa Kitchanga ulitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2023, Goma yenyewe Januari 2025, na kati ya tarehe hizo familia za Masisi zimefungasha vitu na kukimbia, zikarudi, zikakimbia tena. Hospitali za Masisi na Mweso, ambazo Madaktari Wasio na Mipaka wamezisaidia kwa miaka mingi, hubeba mzigo wa majeruhi, watoto wenye utapiamlo, malaria, kipindupindu na kina mama wanaojifungua. Sikio linalovuja hukaa mwisho wa mstari, kwa kuwa haliui leo wala kesho.

Jani, kwa upande wake, liko nyuma ya nyumba.

Katika Maziwa Makuu na Afrika Mashariki, orodha ya vinavyotiwa sikioni ni ndefu. Kuna kishona nguo, ambacho wasemaji wa Kinyarwanda hukiita inyabarasanya na wanasayansi Bidens pilosa, lile gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo za mtu akipita shambani. Majani yake mabichi hukamuliwa maji kwa ajili ya sikio linalouma. Kuna mmea wa jamii ya mkonge wenye majani marefu manene, ambao hupitishwa motoni ukalainika, kisha ukakamuliwa ukiwa vuguvugu. Kuna kitunguu saumu kilichopondwa na kuchanganywa na mafuta. Kuna maziwa ya mama yanayokamuliwa moja kwa moja sikioni. Na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika wamekutana pia na mambo ya kutisha zaidi: mafuta ya taa, mkojo, mafuta yaliyotoka motoni sasa hivi.

Si haki kuviweka vyote hivyo kapu moja na kuviita ujinga. Ukanda huu una ushahidi wake kwamba mmea wa kienyeji unaweza kuwa dawa ya kweli. Umuravumba, kichaka chenye harufu kali kinachopatikana katika nyua nyingi za Rwanda, ulichunguzwa na watafiti wa Butare katika miaka ya 1980, nao wakatenga ndani yake kemikali inayoua baadhi ya vijidudu. Kule Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa kinkina uliolimwa Kivu kwa miongo mingi. Mtu wa Kivu hahitaji kuhubiriwa kwamba gome linaweza kuokoa maisha. Amelilima, amelibandua, amelipakia kwenye lori.

Lakini kwinini hiyo hiyo inafundisha jambo la pili, ambalo watetezi wa miti shamba hulipita haraka mno. Mtu akizidishiwa kwinini, masikio huanza kuvuma na uwezo wa kusikia hupungua. Madaktari wanaijua dalili hiyo vizuri, na ndiyo maana dozi hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili wa mgonjwa. Dawa maarufu kuliko zote zilizotoka katika magome ya Kivu inaweza kulidhuru sikio lenyewe. Kwa hiyo kuambiwa kwamba kitu ni cha asili hakumlindi mtoto. Kinachomlinda ni kipimo, na njia ambayo dawa inapita kufika mahali pa ugonjwa.

Njia ndiyo kiini cha suala hili lote. Sikio lina vyumba vitatu. Cha nje ni ule mfereji ambao kidole huchungulia, na mwisho wake ni ngoma. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo cha kati chenye hewa, ambacho hupumua kupitia mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua na koo. Cha ndani kabisa ndicho chenye mishipa ya kusikia. Maji na usaha ambavyo wazazi hulalamikia huwa katika chumba cha kati, na vijidudu havikuingia kwa mlango wa nje; vilipanda kutoka kooni, kwa kawaida baada ya mafua. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo kamasi na vijidudu hupanda kwa urahisi. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba watoto watano kati ya sita huugua sikio angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 3, na hao ni watoto wenye vyumba vikavu na chanjo kamili.

Sasa mtu ajiulize: ngoma ikiwa nzima, tone lililotiwa mferejini litapita wapi kufikia maji yaliyo upande wa pili? Halipiti. Liwe la kitunguu saumu, liwe la farmasi ya Goma, linaishia ukutani. Linaweza kumtuliza mtoto kwa uvuguvugu wake, na kutuliza si jambo dogo usiku wa manane, lakini halikaushi maji wala haligusi vijidudu.

Kuhusu maji yasiyo na usaha, yale yanayobaki baada ya homa kuondoka na kumfanya mtoto asikie kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, ukweli ni kwamba dawa kubwa ni subira. Takriban nusu ya watoto hao hupona wenyewe ndani ya miezi 3. Dawa za mafua na za mzio zimejaribiwa mara nyingi na hazikuonyesha faida. Kitu kimoja kilichoonyesha faida, ingawa ndogo, hakina kemikali yoyote: mtoto hupuliza puto kwa pua. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2015, kwa watoto 320 wenye umri wa miaka 4 hadi 11, ulionyesha kwamba baada ya mwezi mmoja masikio ya asilimia 47 ya waliopuliza puto yalikuwa na hewa ya kawaida, dhidi ya asilimia 36 ya wasiopuliza. Kupuliza kunalazimisha hewa ipande kwenye ule mrija. Njia tena.

Na maambukizi yenye maumivu? Hapa pia muda hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba karibu watoto 60 kati ya 100 hupata nafuu ya maumivu ndani ya saa 24, wapewe antibiotiki au wasipewe. Watafiti wa Israeli walijaribu 2003 matone ya mimea yenye kitunguu saumu na maua kadhaa katika mafuta ya zeituni, kwa watoto 171 wenye maumivu ya sikio. Maumivu yalipungua katika makundi yote, na watafiti wenyewe waliandika kwamba sehemu kubwa ya nafuu ile ilitokana na kupita kwa siku. Matone hayo, ikumbukwe, yalitengenezwa kwa kipimo na kwa usafi, na yalitiwa baada ya daktari kuhakikisha kwamba ngoma haijapasuka. Kule milimani hakuna anayechungulia ngoma kwa taa kabla ya kukamua jani.

Ngoma ikishapasuka, mambo yote hubadilika. Ukuta umefunguka. Chochote kinachomiminwa sasa kinapita moja kwa moja hadi chumba cha kati na kusimama mlangoni mwa chumba cha kusikia. Maji ya jani lililochumwa njia ya ng'ombe hubeba udongo, vijidudu na mbegu za ukungu. Kitunguu saumu kibichi huunguza hata ngozi ya mkono. Katika utando wa ndani ya sikio la mtoto kinafanya nini? Mafuta hubaki humo yakilowesha mahali ambapo panahitaji kukauka ili pazibe. Hata dawa za farmasi si salama zote hapa: matone ya gentamisini, yanayouzwa kirahisi, ni ya kundi linaloweza kuharibu mishipa ya kusikia. Hiyo ni sababu moja ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza matone ya kundi la siprofloksasini, na ya kuyaweka katika orodha yake ya dawa muhimu.

Wapo wanaosema: basi tusitie kitu, tukaushe tu kwa kitambaa. Ushauri huo ni mzuri, lakini Kenya imetuonyesha mpaka wake. Katika wilaya ya Kiambu watoto wa shule 524, wenye umri wa miaka 5 hadi 15 na masikio yanayovuja kwa muda mrefu, waligawanywa makundi matatu. Matokeo yakachapishwa 1996. Kundi moja lilikaushwa masikio na kupewa antibiotiki ya kunywa na matone. La pili lilikaushwa tu. La tatu halikutibiwa kwa kipindi hicho. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopata dawa. Waliokaushwa tu walikuwa asilimia 22. Wasiotibiwa nao walikuwa asilimia 22. Kitambaa peke yake hakikuongeza chochote.

Miaka michache baadaye, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha matone ya siprofloksasini na asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi, dawa ya bei nafuu ya kuua vijidudu. Watoto walikuwa 427. Baada ya wiki 2, asilimia 59 ya waliotumia siprofloksasini walikuwa wakavu, dhidi ya asilimia 32 ya wale wa boriki, ambao pia walilalamika zaidi maumivu na mwasho. Mtu anayeamini maji ya kishona nguo anapaswa kuzitafakari takwimu hizo kwa utulivu. Ikiwa dawa iliyopimwa, safi, inayojulikana kuua vijidudu, ilishindwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho, jani lisilopimwa lina nafasi gani?

Msimamo wa makala haya basi hauna kona. Jani libaki nje ya sikio. Sikio linalovuja likaushwe kwa kitambaa safi kinachofyonza, kilichosokotwa kama utambi, kikiingizwa taratibu na kubadilishwa hadi kitoke kikavu, angalau mara 3 kwa siku. Na baada ya kila kukausha yatiwe matone ya siprofloksasini, kwa wiki 2. Huo ndio mwongozo ambao wauguzi wa Kongo hufundishwa chini ya mpango wa matibabu jumuishi ya mtoto, ule wanaouita PCIME, kwa sikio lililovuja siku 14 au zaidi. Lililoanza kuvuja au kuuma karibuni hutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa kwa siku 5 na parasetamoli ya maumivu. Wala hakuna chochote katika mwongozo huo kinachohitaji daktari bingwa wa masikio. Unahitaji muuguzi, chupa ndogo ya matone, na mama aliyeelezwa vizuri.

Bibi naye asinyang'anywe nafasi yake. Kitambaa kilichopashwa joto na kuwekwa juu ya sikio, upande wa nje, humpa mtoto faraja. Chai ya tangawizi yenye asali hulainisha koo la mtoto mwenye kikohozi, ilimradi awe ametimiza mwaka 1, kwa sababu asali inaweza kumletea mtoto mchanga sumu hatari ya bakteria. Mvuke wa majani ya mkaratusi, mti uliojaa katika milima ya Masisi, watu wazima huupenda wakiwa na mafua; kwa watoto haufai, maana sufuria ya maji yanayochemka kando ya mtoto ni ajali inayosubiri. Kumnyonyesha mtoto mchanga akiwa ameinuliwa kichwa badala ya kumlaza chali na chupa, nako ni ujuzi wa kina mama ambao sayansi inauunga mkono.

Tukirudi nyuma zaidi, kwa nini masikio yanavuja kwa wingi katika maeneo kama haya? Surua ni jibu moja. Ugonjwa huo hushambulia koo na njia ya hewa, na takriban mtoto mmoja kati ya kumi wanaoupata huugua sikio. Kongo ilipata mlipuko mkubwa wa surua ulioanza 2019. Kufikia Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa wapatao 310,000 wanaoshukiwa na vifo zaidi ya 6,000. Hesabu hiyo inataja waliokufa. Waliobaki na masikio mabovu hawana mahali pa kuandikwa. Chanjo ya pneumokoki, mmoja wa bakteria wakuu wa maambukizi ya sikio, iliingia katika ratiba ya Kongo 2011, lakini chanjo huhitaji friji, pikipiki, na njia isiyo na risasi. Ongeza msongamano wa kambi za waliokimbia, ambamo mafua ya mtoto mmoja huwa ya wote, na moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha.

Ndiyo maana kumkaripia mama kituoni kwa sababu alitia majani ni kosa, na kosa hilo lina gharama. Mama aliyeaibishwa mara moja atarudi kwa bibi mara tano. Atakaporudi kituoni, huenda uvimbe umeshatokea nyuma ya sikio na kulisukuma mbele, dalili kwamba maambukizi yameingia katika mfupa. Kutoka hapo usaha unaweza kufika kwenye ubongo. Mtoto mwenye uvimbe huo, au shingo ngumu, au mdomo uliopinda upande mmoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa pikipiki, kwa machela, kwa njia yoyote.

Wengi hawafiki hapo. Wao huishi tu na sikio linalonuka, wakikaa nyuma darasani kwa aibu, wasimsikie mwalimu, wakaitwa wazito wa akili. Ripoti ya dunia kuhusu kusikia, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani Machi 2021, ilisema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unaweza kuzuilika. Watoto wa Masisi wamo katika hesabu hiyo, na kuwaacha wapoteze kusikia kwa kukosa matone ya wiki 2 ni jambo la kukasirisha.

Wakuu wa afya wa jimbo, na mashirika yanayopeleka dawa Masisi, wanapaswa kuhakikisha siprofloksasini ya masikio haikosekani katika kituo chochote, hata katika yale masanduku ya dharura yanayosafirishwa kwa ajili ya majeraha na kipindupindu. Wahudumu wa kujitolea wa vijijini, wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, wafundishwe kusokota utambi wa kitambaa na kuuliza swali moja katika kila nyumba: kuna sikio linalotoa usaha hapa, na kwa siku ngapi? Swali hilo halichukui dakika mbili.

Waganga wa miti nao waitwe, na waitwe kwa heshima. Kila tarehe 31 Agosti bara la Afrika huadhimisha siku ya tiba ya asili, na mara nyingi siku hiyo huishia kwenye hotuba. Huko Bashali ingeweza kuwa siku ya muuguzi na mganga kukaa pamoja, wakaangalia mchoro wa sikio, wakakubaliana: mganga aendelee kupokea mgonjwa, asitie kitu katika sikio linalovuja, na ampeleke mwenyewe kituoni. Ampeleke mwenyewe, si kumwelekeza tu kwa kidole, kwa sababu mama anamwamini yeye. Muuguzi naye ampokee mganga huyo kama mwenzake wa kazi, amwandike katika daftari la wagonjwa kuwa ndiye aliyemleta mtoto, na baada ya wiki 2 amjulishe kama sikio limekauka.